Kurasa Mbili za Dakta Tausi

Sogea kidogo, msomaji, mwenzako naye apate pa kukaa, maana habari hii ni ya Jamhuri ya Tulivuni, na Tulivuni hakuna jambo linaloanza kabla watu hawajakaa kwa vyeo vyao. Usihangaike kuitafuta nchi hiyo kwenye ramani. Iko mbali na kwetu, mbali mno, na ukiona kitu kinafanana na unachokijua, basi ni macho yako tu, nenda kapimwe.

Tulivuni ilikuwa na serikali sikivu. Siku moja Mtukufu Rais alirudi kutoka mkutano wa ng'ambo, na huko alikuwa amesikia kwamba nchi za wenzetu haziamui jambo bila ushahidi wa kitaaluma. Akaona aibu. Palepale uwanja wa ndege, ngoma hazijanyamaza bado, akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kwa ofisa yeyote wa umma kuchukua hatua juu ya jambo ambalo halijachapishwa kwenye jarida. Na kwa kuwa jarida halikuwepo, likaanzishwa. Likaitwa Mwanga Huria: kuandika bure, kusoma bure, wazi kwa kila mwenye macho. Kazi yake ilikuwa kuchapisha mihtasari ya sera. Mtafiti aeleze kwa lugha nyepesi tatizo ni nini na serikali ifanye nini, na asizidishe kurasa mbili, kwa sababu waheshimiwa wana shughuli nyingi.

Wananchi walishangilia. Hata askari wa zimamoto walishangilia, kwa kuwa tangu hapo nyumba ikiungua walikuwa wanakaa kivulini kusubiri muhtasari.

Sasa, katika Chuo Kikuu cha Taifa alikuwepo mtafiti wa maji aitwaye Dakta Tausi, mwanamke wa maneno machache na hasira za karibu. Alikuwa amefanya kazi kijiji cha Mapama, ambako watu walikunywa maji ya kisima kirefu kilichochimbwa enzi za mababa. Watoto wa Mapama walikuwa na meno ya kahawia na matege ya kutisha, wengine hata kuruka kamba hawawezi. Wazee walisema ni laana. Serikali ilisema ni lishe. Tausi akayapima maji, akakuta floraidi, madini yanayotoka kwenye mwamba, imepita kiasi vibaya sana. Kisha akasikia kwamba serikali imechimba kisima kingine kijiji cha jirani, Igwata, juu ya mwamba uleule. Akaenda akakipima nacho. Kikawa kibaya kuliko cha kwanza.

Na Igwata ndiko alikoolewa mdogo wake, Siwema, mama wa mtoto mmoja wa kike aitwaye Chiku, ambaye siku hizo ndiyo kwanza alikuwa anashikilia kigoda ili asimame.

"Dada, huku wametuambia kisima kitafunguliwa mvua zikikatika," Siwema alimwambia kwenye simu. "Bomba litafika mpaka uani kwangu. Nifurahi au nisifurahi?"

"Usifurahi. Endelea kukinga ya mvua. Mimi nakwenda Wizarani."

Wizarani alipokewa na ofisa mwungwana, aliyemvutia kiti na kumwuliza habari za nyumbani. Tausi akamweleza yote, kuanzia mwamba hadi miguu ya watoto. Yule ofisa alisikiliza huku akitikisa kichwa kwa huruma, mpaka machozi yakamlenga.

"Imechapishwa?" akauliza.

"Bado. Nimetoka kupima juzi."

"Basi Dakta, tafadhali, mimi hukuniambia kitu." Akachomeka vidole masikioni, kwa adabu kabisa, akakaa hivyo mpaka mgeni wake alipotoka.

Haya. Tausi akakaa chini akaandika muhtasari wake. Ukurasa wa kwanza aliweka vipimo, ramani ya mwamba na picha ya watoto wa Mapama wamesimama mstari mmoja. Ukurasa wa pili aliandika nini kifanyike: kisima cha Igwata kisifunguliwe, watu wajengewe matangi ya kukinga mvua, basi. Akaupeleka kwa Mhariri Mkuu wa Mwanga Huria, Profesa Fungameza, mtu wa sauti ya upole na kitambi cha kuaminika.

Profesa aliusoma mpaka mwisho, akavua miwani.

"Kazi nzuri. Nzuri mno. Lakini Dakta, umeingia kama mgambo wa kukamata wauza mboga. Hata hodi hukupiga?"

"Hodi ya nini, Profesa? Huu ni muhtasari."

"Itifaki, mama. Utawaambiaje viongozi jambo kabla hujawasalimu?"

Tausi akasema basi ataandika pale juu "itifaki imezingatiwa" kama wanavyosema watu kwenye sherehe. Profesa akashtuka, akaenda kufunga mlango. Kwani hajasikia? Maneno hayo yalikwisha kupigwa marufuku, baada ya naibu waziri mmoja kuuliza hadharani imezingatiwa na nani, mbona yeye hakusikia jina lake. Sasa ni lazima kila mtu atajwe. Mtukufu Rais na Mama wa Taifa, mawaziri, manaibu wao, makatibu wakuu, wakuu wa vyombo vya ulinzi, viongozi wa dini zote, wazee mashuhuri, wawekezaji wetu wapendwa, na mwisho wanahabari mliopo.

"Wanahabari mliopo wapi, Profesa? Kwenye karatasi?"

"Popote walipo, Dakta. Usianze ubishi."

"Na kurasa ni mbili zilezile?"

"Sheria ni sheria. Waheshimiwa wana shughuli nyingi."

Tausi akarudi nyumbani akawasalimu wote kwenye karatasi. Salamu zikameza ramani. Akapeleka. Kesho yake Rais akabadilisha baraza la mawaziri, na walioachwa wakapewa ubalozi, kwa hiyo salamu zikaongezeka, maana waliotoka nao hawakutoka kabisa. Vipimo vikaondoka. Akapeleka tena. Profesa akamkumbusha kwa upole kwamba Waziri wa Maji, Furaha na Mambo Mengineyo hatajwi kwa jina moja, anaitwa Mheshimiwa Dakta Injinia Kanali Mstaafu Kasubuga, na anapenda aanzwe na tabasamu, yaani maneno kama "kipenzi cha mabomba." Picha ya watoto ikaondoka hapo. Tausi aliifuta mwenyewe kwa mkono wake, na alipoifuta alilia, nisikufiche.

Mwishowe kurasa zote mbili zikajaa salamu, ikabaki nafasi ndogo chini kabisa, pale watu wanapoandikaga namba ya ukurasa. Humo Tausi akabana sentensi tatu. *Maji ya kisima cha Igwata yana floraidi nyingi kupita kiasi. Yatapinda miguu ya watoto wa Igwata. Serikali isikifungue.*

"Hapo sasa!" Profesa Fungameza akapiga meza kwa furaha. "Sasa una muhtasari. Twende kwenye uhakiki."

Msomaji, wewe ni mtu wa kusoma, unajua majarida ya kitaaluma yana desturi yake. Kazi huhakikiwa na wasomi wengine, na mwandishi hajui wahakiki ni akina nani, wala wao hawamjui mwandishi, isije ikaingia chuki au udugu. Watulivuni waliipenda sana desturi hiyo, wakaitekeleza kwa ukamilifu: katika ukumbi wa jarida walitundika pazia. Mwandishi huketi upande huu, wahakiki watatu upande ule, na wote ni lazima wabadili sauti.

"Mwandishi tusiyekujua," sauti ya kukwaruza ikatoka nyuma ya pazia, "hujambo?"

"Sijambo, mhakiki nisiyekujua. Shikamoo."

"Marahaba. Goti la mama linaendeleaje?"

"Afadhali, Profesa Mbwiliza, asante."

"Usinitaje!" Pazia likatikisika. Mhakiki huyo alikuwa mkuu wa idara ya Tausi, na asubuhi ile walikuwa wamepanda lifti moja. Akakohoa, akakwaruza tena. "Nimesikitika kuona mwandishi hakumnukuu popote Profesa Mbwiliza, bingwa wa taifa."

"Profesa Mbwiliza ameandika juu ya ufugaji wa kanga."

"Kwani kanga hawanywi maji?"

Tausi akasema atamnukuu, ataweka jina lake kati ya wazee mashuhuri na wawekezaji. Mhakiki wa pili, mwenye sauti nyembamba ya kulazimisha, akauliza iwapo hao watoto wa Mapama wenyewe wamekiri kwamba wamepinda. Tausi akajibu kwamba ukimwangalia mtoto unaona. Akaambiwa kuona si mbinu ya utafiti, ila kwa mara hii anasamehewa. Mhakiki wa tatu alikuwa anakoroma, na katibu akaandika kwamba hana pingamizi.

Ukapita! Tausi alitoka pale mbio, akampigia Siwema simu. "Umepita, mdogo wangu. Sentensi zote tatu. Wakishausoma tu, kisima wanakifunga." Siwema akapiga kigelegele mpaka Chiku akaanguka kutoka kwenye kigoda.

Jarida lilipotoka, lilizinduliwa kwa keki na utepe, na wananchi wakaruhusiwa kusoma. Tausi akalifungua mbio, akaruka salamu, akaenda chini kabisa. Akasoma. Akasoma tena kwa kidole.

*Maji ya kisima cha Igwata yana utajiri mkubwa wa madini. Yatawapa watoto wa Igwata maumbile ya kipekee. Serikali isikifungue kimyakimya.*

Hakumbuki alivyofika ofisini kwa Profesa Fungameza. Anachokumbuka ni kwamba hakupiga hodi.

"Nani kaandika huu upuuzi?"

"Ni lugha tu nimeinyoosha, Dakta. Kaa kwanza."

"Sikai! Nimesema maji mabaya, wewe umeandika utajiri!"

"Madini yakiwa mengi si utajiri? Nchi ngapi zinayatafuta?" Profesa alinyoosha mikono kama mtu anayeonewa. "Fikiri kwa utu uzima. Umewasalimu watu kwa kurasa mbili nzima, umewaita vipenzi, halafu mwishoni uwaambie kisima chao kitalemaza watoto? Hiyo ni tabia gani? Mama yako angekuonaje? Na sentensi ya mwisho sikuigusa, ila neno moja tu nimeongeza."

"Profesa, umeniulia watoto."

"Nimekuchapisha," Profesa akasema, na kwa kweli aliumia kwamba hashukuriwi.

Tausi akataka muhtasari ufutwe. Akajibiwa kwamba kufuta ni hatua, na hatua haichukuliwi bila kuchapishwa, kwa hiyo aandike muhtasari mwingine wa kurasa mbili, na asisahau kwamba jana baraza limebadilishwa.

Muhtasari ule ulisomwa kuliko andiko lolote katika historia ya Tulivuni. Kila ofisa aliusoma kutafuta jina lake, na kila aliyelikuta aliwatumia jamaa zake wote. Kule Igwata Siwema alizunguka nyumba hadi nyumba akiwaambia wanawake wenzake wasiyanywe maji yale, nao wakamshangaa. "Wewe mama Chiku una wivu na bomba? Si dada yako mwenyewe kaandika kwamba yana utajiri wa madini? Tumesomewa mkutanoni, na jina lake lipo." Siwema akarudi nyumbani kukinga maji yake ya mvua.

Mheshimiwa Kasubuga naye aliusoma, akafurahi mno pale kwenye mabomba. Akafika mpaka mwisho, jambo ambalo watu wake hawakulitegemea. "Taaluma imetuelekeza," akawaambia. "Tusikifungue kimyakimya. Leteni bendi mbili. Na mgeni rasmi awe huyuhuyu Dakta mwenyewe, ili nchi ijue kwamba serikali hii inafuata ushahidi."

Tausi alipopata mwaliko alitaka kuuchana. Kisha akafikiri: bila mimi watakifungua, na mimi nikiwepo watakifungua, lakini nikiwepo nitapewa kipaza sauti. Akaenda.

Siku yenyewe Igwata ilipambwa vitambaa hadi kwenye mikia ya punda. Wanawake walikuwa wamepanga ndoo mpya kwenye foleni kutoka kisimani hadi barabarani, kila moja na mwenyewe nyuma yake, wamejifunga kanga za sare. Waheshimiwa walikaa chini ya turubai, na mbele ya kila mmoja palikuwa na chupa ya maji ya dukani, bado ina jasho la barafu. Mbele ya kiti cha Tausi tu hapakuwa na chupa.

Mheshimiwa Kasubuga alihutubia muda mrefu. Alisema kwamba zamani nchi hii iliongozwa kwa kubahatisha, na leo inaongozwa kwa kurasa. Alisema watoto wa Igwata watakuwa na maumbile ya kipekee ambayo mataifa mengine yatayaonea wivu. Bendi zote mbili zikapiga kwa pamoja, nyimbo tofauti. Kisha akateka maji ya kisima kwenye bilauri iliyofungwa utepe, akamkabidhi mgeni rasmi anywe wa kwanza, kama ilivyo desturi, ili wananchi nao waanze kuchota.

Tausi akasimama ameishika. Maji yalikuwa meupe, safi, mazuri kwa macho. Kwenye foleni alimwona Siwema, hana ndoo, Chiku yuko mgongoni anachezea ushungi wa mama yake. Akasogeza kipaza sauti, na kwa mara ya kwanza katika historia ya Jamhuri mtu akazungumza kwenye sherehe bila kumsalimu yeyote.

"Mimi sinywi," akasema. "Na mtoto wa mdogo wangu hanywi. Nendeni Mapama mkaangalie miguu ya watoto, halafu mrudi hapa mchote kama mna moyo. Waulizeni na hawa waheshimiwa kwa nini wamekuja na chupa zao."

Akamimina ile bilauri yote chini, polepole, mpaka tone la mwisho. Uwanja ukanyamaza hata punda wakasikika wakitafuna vitambaa.

Lakini mtu haukwai uwaziri Tulivuni kwa kukosa akili. Mheshimiwa Kasubuga akauruka ule ukimya kama mtu anayeruka dimbwi, akanyakua kipaza sauti. "Mgeni rasmi ameinywesha ardhi kwanza!" akapaza. "Kama walivyofanya wahenga! Ardhi kwanza, wananchi baadaye! Natangaza kwamba kisima kimefunguliwa!" Bendi zikalipuka. Pazia likavutwa kwenye jiwe la msingi, na pale jiweni, kwa herufi za dhahabu, ikasomeka kwamba kisima hiki kilifunguliwa na Dakta Tausi.

Ila wakati bendi zinapiga, mwanamke mmoja wa mbele, mmoja wa wale waliomwambia Siwema ana wivu, aliinama akaokota ndoo yake. Akaigeuza juu chini, akajitwika, akaondoka. Wa nyuma yake naye akaokota yake. Foleni yote ikavunjika hivyo, ndoo moja moja, tupu, huku waheshimiwa wakipiga makofi kwa sababu walidhani ni sehemu ya ngoma ya kienyeji.

Tausi hakufukuzwa kazi. Tulivuni haifukuzi, inapumzisha. Alipewa likizo ya heshima isiyo na mwisho, kwa uchovu alioupata akilitumikia taifa. Akahamia Igwata kwa mdogo wake, akawafundisha watu kufunga mabati na mifereji na kujenga matangi, na kazi hiyo hakuiandikia popote. Kisima kikabaki pale na jiwe lake. Kila mwaka Wizara ilihesabu kwamba wananchi wote wa Igwata wanapata maji safi na salama.

Baadaye sana, Chiku akiwa mtoto wa kukimbiza kuku mpaka kuku wanaomba msamaha, gari la serikali likasimama uani. Akashuka Profesa Fungameza, kazeeka kidogo, kitambi kilekile. Alikuwa ametumwa kuandika muhtasari wa sera juu ya tabia ya wananchi wa Igwata kutopenda maendeleo. Alimsalimu Tausi kwa furaha ya kweli, hana kinyongo hata kidogo, akakaa kwenye mkeka, akatoa kalamu.

"Mama Chiku, swali la kwanza. Je, mnachukia maendeleo kidogo, kiasi, au sana?"

"Kiasi," Siwema akajibu, anachambua mchele.

"Vizuri sana." Profesa akaandika. Jua lilikuwa kali, jasho linamtiririka shingoni, na maji ya chupa yalikuwa yamemwishia njiani. Akaomba maji ya kunywa. Tausi mwenyewe akamletea kikombe, kimejaa, cha baridi kutoka kwenye mtungi. Profesa akakipokea kwa mikono miwili, akakifikisha mdomoni, halafu akasita. Akakitazama. Akakirudisha chini kwenye mkeka taratibu.

"Samahani, Dakta. Haya ni ya wapi?"

"Unataka yawe ya wapi, Profesa? Kisima si kile pale?"

Profesa aliangalia kikombe, akaangalia gari, akalamba midomo iliyokauka. Tausi akamwacha vile kwa kitambo, na nisikufiche, alifaidi.

"Kunywa, mzee wangu," akamwambia mwishowe. "Ni ya mvua."

"Alhamdulillahi!" Profesa akakinywa chote kwa pumzi moja, akaomba kingine, nacho akakimaliza. Akajifuta mdomo kwa kiganja, akafungua kalamu.

"Tuendelee," akasema. "Swali la pili. Kwa nini hamtaki maji ya kisima?"

Siwema akamtazama dada yake, kisha akamtazama Profesa, na kile kikombe kitupu mbele yake.

"Andika hatujui," akasema, akaendelea kuchambua mchele.